Rubani Asiyejua Bandari: Uhakiki wa Simulizi za Marubani wa Vita katika Anga ya Unguja na Mrima

Mwaka 1916, katika mapigano ya Ufaransa, Wajerumani waliteka ndege ya kivita ya Waingereza aina ya F.E.2b iliyokuwa imeandikwa ubavuni "Zanzibar No. 1". Ilikuwa miongoni mwa ndege zilizopewa majina ya nchi zilizochangia gharama za vita vya Uingereza, na serikali ya Unguja ilikuwa mmoja wa wachangiaji hao. Jina la kisiwa lilipaa, likapigana, likatekwa, na ndani ya ndege hapakuwa na Mzanzibari. Tukio hili linafaa kutangulizwa kwa sababu linafanana mno na hali ya maandishi yanayohakikiwa hapa. Katika simulizi za marubani wa vita zinazoihusu pwani ya Afrika Mashariki, pwani imetoa jina, fedha, viwanja, wapagazi na makaburi. Jicho linalotazama limetoka kwingine.

Sehemu hii ya tasnifu inazipima simulizi hizo kama fasihi, na swali linaloiongoza ni la kiutendaji. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayetaka kusoma juu ya vita vya angani na yaliyowapata marubani apendekezewe kitabu gani, na akisome vipi? Mapendekezo yaliyozoeleka huanzia Ulaya na kuishia huko huko: Sagittarius Rising cha Cecil Lewis (1936), The Last Enemy cha Richard Hillary (1942), Pilote de guerre cha Antoine de Saint-Exupéry (1942) na Le Grand Cirque cha Pierre Clostermann (1948). Ni vitabu vizuri na hakuna sababu ya kuvibeza. Hillary hasa anastahili kusomwa na yeyote anayedhani kuwa ujana na ushujaa ni kitu kimoja: aliungua uso na mikono mwaka 1940, akaandika, akarudi angani, akafa Januari 1943 akiwa na umri wa miaka 23. Hata hivyo, msomaji anayelelewa na orodha hiyo pekee atadhani kuwa Afrika Mashariki haikuwa na anga. Ilikuwa nayo, na anga hiyo ina maandishi yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kitabu bora miongoni mwa maandishi hayo, Going Solo cha Roald Dahl (1986), kina thamani kwa sababu iliyo kinyume na ile kinayosifiwa. Kinasomeka kwa faida kubwa zaidi pale rubani anapokuwa ardhini.

Neno rubani kama kigezo

Katika Kiswahili cha bandari, rubani alikuwa mtu wa majini kabla hajawa mtu wa angani. Neno lina asili ya Kiarabu, na matumizi yake ya zamani yanamhusu kiongozi wa chombo. Meli ngeni inapokaribia Mji Mkongwe, nahodha wake, hata awe bingwa wa bahari kuu, humwachia rubani kazi ya kuipitisha baina ya Bawe, Changuu na Chapwani. Humwachia kwa sababu rubani anajua mahali: mlango uko wapi, fungu liko wapi, maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Nguvu ya chombo haimo katika ujuzi wake. Ujuzi wake ni wa miamba isiyoonekana.

Neno hili lilipohamishiwa kwa mwendesha ndege, ile chombo ambacho wazee walikiita ndege Ulaya, maana ya kuongoza ilibaki na maana ya kujua mahali ikadondoka njiani. Rubani wa angani ni mjuzi wa chombo. Mahali anapapata katika ramani aliyopewa na mtu mwingine. Uhakiki huu unalichukua pengo hilo la maana na kulifanya kigezo. Simulizi ya rubani wa vita itaulizwa kile ambacho rubani wa bandari angeulizwa: unapajua mahali hapa? Swali hili linakubaliana na dhana ya Mary Louise Pratt (1992) kuhusu msafiri wa kikoloni anayesimama juu ya kilima na kuimiliki nchi kwa kuitazama, ingawa rubani amemzidi msafiri huyo kwa jambo moja: kilima chake kinatembea na kina bunduki. Kigezo cha pili, ambacho kitahitajika kwa Dahl, ni mkataba wa tawasifu aliouzungumzia Philippe Lejeune (1975), yaani ahadi ya kimyakimya baina ya mwandishi na msomaji kwamba anayesema "mimi" ndiye yule yule ambaye jina lake limo katika jalada.

Rufiji, na kitabu chenye uwindaji katika jina lake

Asubuhi ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia HMS Pegasus iliyokuwa imesimama katika Bandari ya Unguja kwa ajili ya matengenezo ya mitambo, ikaiangamiza mbele ya macho ya Mji Mkongwe. Baadhi ya mabaharia waliokufa walizikwa Chapwani, na makaburi yao yangaliko. Königsberg ilikwenda kujificha katika delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo manowari za Waingereza hazikuweza kuingia wala kuona. Hapo ndipo ndege ilipohitajika katika vita vya pwani hii.

Rubani wa kwanza, Dennis Cutler, alikuwa raia aliyekodiwa kutoka Durban pamoja na ndege yake ya majini ya Curtiss. Alianza kuruka kutoka kisiwa cha Niororo mwezi Novemba 1914, na katika safari yake ya kwanza alipotea. Baada ya siku chache aliiona manowari. Desemba injini ilimharibikia, akatua mtoni, akatekwa. Kazi ilikamilishwa Julai mwaka uliofuata, wakati meli mbili za mizinga zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilipoingia mtoni na kupiga bila ya kukiona kilichopigwa. John Cull aliendesha ndege, na mwenzake Harwood Arnold akawa anatuma kwa redio masahihisho ya kila kombora: limepita, limepungua, kulia, kushoto. Tarehe 11 Julai ndege yao ilipigwa, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka kuelekea majini.

Kwa mhakiki wa fasihi, masahihisho hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya wanahewa wa vita katika pwani hii, na ni maandishi yanayofichua mengi. Ni herufi chache tu, zenye vipimo viwili, umbali na upande. Mto hauna jina ndani yake, mikoko haina wakaaji, na manowari ni nukta. Wakati huo huo palikuwa na elimu nyingine ya Rufiji ambayo Waingereza waliitegemea bila ya kuisifu sana. Mwindaji Pieter Pretorius alitumwa kupeleleza delta na kupima kina cha mikondo yake, naye alifanya kazi hiyo akiwa na wenyeji. Marubani wa Rufiji kwa maana ya zamani ya neno, yaani wale waliojua maji yanapita wapi, walikuwa katika ngalawa. Historia ya tukio zima inapatikana vizuri katika kitabu cha Kevin Patience kuhusu Königsberg, ambacho msomaji wa Unguja anashauriwa kuanza nacho ikiwa haja yake ni matukio kuliko fasihi. Riwaya ya Wilbur Smith, Shout at the Devil (1968), iliyochota humo humo, inaweza kuachwa bila hasara.

Kampeni ya bara ilikuwa na mwandishi wake. Leo Walmsley, ambaye baadaye alijulikana kwa riwaya za wavuvi wa Yorkshire, alitumika katika Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza akiwa mpelelezi anayekaa pamoja na rubani, na mwaka 1920 alichapisha Flying and Sport in East Africa. Neno la pili katika jina hilo, kwa Kiingereza cha wakati ule na mahali pale, lilimaanisha zaidi uwindaji. Jina la kitabu, basi, linaweka kuruka vitani na kuwinda katika kapu moja, bila ya haya na bila ya kusudi baya; hivyo ndivyo mambo yalivyoonekana. Mwalimu anayefundisha nadharia ya baada-ukoloni anaweza kutumia kipindi kizima kwa jalada peke yake. Kitabu chenyewe kinapendekezwa hapa kama ushahidi wa namna ya kutazama, ambapo nchi ni mandhari, adui ni windo lililojificha kichakani, na msafara wa wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni ile, ukiangaliwa kutoka futi elfu kadhaa ni mstari tu. Hadithi ya chombo cha L59, kilichoruka saa 95 mfululizo Novemba 1917 kutoka Bulgaria kumpelekea von Lettow-Vorbeck shehena na kugeuka kikiwa juu ya Sudani, inasisimua, lakini ni hadithi ya chombo. Afrika Mashariki ndani yake ni mahali pasipofikwa.

Dahl: kuanguka kama mwanzo wa kuona

Going Solo kwa kawaida huwekwa kwenye rafu ya watoto, karibu na vitabu vilivyompa Dahl umaarufu, na huenda ndiyo sababu wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki wamekipita. Ni hasara. Kitabu kinaanza na safari ya baharini ya mwaka 1938 kuelekea Dar es Salaam, ambako kijana huyu aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Kinaendelea na miaka yake ya Tanganyika, kisha mafunzo ya urubani Nairobi na Habbaniya nchini Iraki, ajali yake katika jangwa la Libya, na vita vya Ugiriki na Syria mwaka 1941. Kinamalizikia kwa kurudi nyumbani kwa mama yake, ambaye barua alizoandikiwa zimeingizwa katika maandishi pamoja na picha alizopiga mwandishi mwenyewe.

Sura za mafunzo ya Nairobi ndizo ambazo kigezo cha rubani wa bandari kinazihukumu vikali zaidi. Dahl anaruka na Tiger Moth juu ya nyanda za Kenya na furaha yake ni ya kweli. Nathari yake hapo ni nyepesi kama chombo chenyewe. Anachokiona ni wanyama: makundi ya wanyama wakubwa, twiga, ndege wa ziwani. Nchi inayotazamwa ni bustani ya wanyama isiyo na uzio. Kwamba mwaka ule ule wa 1939 nyanda hizo zilikuwa na watu waliokuwa wakigombania ardhi na serikali na walowezi, hilo halifiki kwenye kiti cha rubani. Hapa Dahl hana tofauti na Walmsley isipokuwa kwa uzuri wa sentensi.

Tofauti inakuja anaposhuka. Sura inayohusu mtumishi wake Mdisho ndiyo kiini cha kitabu, ingawa haina ndege ndani yake. Vita vinapotangazwa, Dahl anapewa kikosi kidogo cha askari wa KAR na kutumwa kuwazuia Wajerumani wanaojaribu kutorokea upande wa Msumbiji. Katika tukio la barabarani, anayejua kazi ni askari mzoefu aliye chini ya amri yake. Kijana wa Shell ana cheo tu. Mjerumani mmoja anamwelekezea Dahl bastola, naye anauawa kwa risasi ya askari. Wakati huo, mjini, Mdisho ameusikia ujumbe kwamba vita vimeanza na Wajerumani ni maadui. Anachukua upanga wa Kiarabu ulioning'inizwa ukutani katika nyumba ya bwana wake, anakwenda mbio usiku hadi kwa Mjerumani mmoja tajiri wa mkonge, anamkata kichwa, na kurudi akitarajia kupongezwa. Dahl anashtuka. Anamwonya asimwambie mtu, kisha anampa upanga ule uwe wake.

Kama tukio hilo lilitokea hasa hivyo ni jambo linalotiliwa shaka na mantiki ya kisa chenyewe: tajiri amechinjwa nyumbani kwake na kitabu hakituonyeshi mtu yeyote akiuliza. Lakini shaka hiyo haipunguzi uzito wake wa kifasihi, huenda inauongeza, kwa kuwa kisa kilichobuniwa au kutiwa chumvi kinafichua haja ya msimulizi. Haja hiyo inaonekana mtu akiisoma sura ya Mdisho pamoja na sura za Ugiriki, ambazo kurasa nyingi zimezitenga. Mdisho ameambiwa kuwa kundi fulani la watu ni maadui, amechukua silaha ya mtu mwingine, amekwenda kasi mahali walipo, ameua mtu ambaye hakuwa na ugomvi naye, amerudi kutoa ripoti. Miezi 19 hivi baadaye Dahl anafanya hivyo hivyo kwa Hurricane aliyokabidhiwa na serikali. Kilichowatenganisha ni mavazi rasmi na chombo. Wahakiki wanaomwona Mdisho kama kielelezo cha "mshenzi mwaminifu" wa fasihi ya kikoloni hawakosei, maana vipengele vyote vya kielelezo hicho vimo, pamoja na sifa za kabila lake la kivita. Ila wanaishia njiani. Kitabu kimemweka Mdisho mlangoni mwa vita ili msomaji apite mbele yake kabla ya kuingia angani, na kila ndege ya Kijerumani inayoanguka baadaye inaanguka mbele ya kioo hicho. Dahl hakuieleza sambamba hii popote katika kitabu. Zawadi ya upanga ndiyo kauli yake ya karibu zaidi.

Suala la pili ni la ukweli, na hapa mkataba wa Lejeune unahusika moja kwa moja. Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl alianguka katika jangwa la Libya akiwa na ndege ya Gladiator akielekea kujiunga na Kikosi cha 80. Fuvu lake lilipasuka na kwa muda hakuweza kuona. Agosti 1942 jarida la Saturday Evening Post la Marekani lilichapisha simulizi ya ajali hiyo chini ya kichwa kilichosema kwamba rubani alidunguliwa juu ya Libya. Simulizi hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya uandishi, na ikarudi kama hadithi fupi ndani ya Over to You (1946). Katika Going Solo, zaidi ya miaka 40 baadaye, Dahl anaeleza kwamba hakuna adui aliyempiga. Kwa maelezo yake alipewa mahali pasipo sahihi pa kutua, jua likazama, mafuta yakapungua, akajaribu kutua jangwani, akagonga mwamba. Alipotea.

Inawezekana kulisoma sahihisho hilo kama ungamo la mzee. Usomaji wenye nguvu zaidi ni kulitazama kama badiliko la utanzu. Mwaka 1942 propaganda ilihitaji adui katika kila ajali, kwa sababu ajali isiyo na adui inamwacha rubani na ramani yake tu. Mwaka 1986 tawasifu ilihitaji kinyume chake, na kwa kulikubali kosa la mahali, Dahl aliufikia ukweli wa msingi wa maandishi yote yanayojadiliwa hapa. Cutler alipotea juu ya Rufiji. Dahl alipotea juu ya Libya. Adui mkuu wa rubani huyu mpya ni lile alilolijua rubani wa zamani. Saint-Exupéry, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kupitia Mwana Mdogo wa Mfalme, naye alimweka rubani wake jangwani kando ya injini mbovu kabla ya kumruhusu akutane na mtu wa kuzungumza naye.

Takwimu moja katika kitabu inahitaji kutajwa kwa kuwa inatoa uzito kwa mizaha yake. Kwa hesabu ya Dahl, vijana 16 walianza mafunzo pamoja Nairobi, na 13 kati yao waliuawa angani katika miaka miwili iliyofuata. Anaitoa hesabu hiyo kwa sauti ile ile anayoitumia kueleza urefu wake uliomfanya apate shida kuenea ndani ya ndege. Wasomaji wengine watauona ubaridi huo kuwa kasoro. Uhakiki huu unauona kuwa ndio mtindo unaofaa: huzuni imebanwa kwenye namba, na namba imeachwa peke yake.

Mtoto wa chini angani

Over to You ina hadithi iitwayo "Katina", kuhusu msichana yatima wa Kigiriki anayelelewa na kikosi cha marubani, ambaye anazitolea ndege za Wajerumani ngumi yake ndogo, na anauawa nazo. Ni hadithi yenye hisia nyingi kupita kiasi, na bado ni muhimu kwa sababu ndani yake Dahl amemweka mtu chini ya ndege na kumpa uso. Inafaa kuulizwa kwa nini uso huo ni wa Kigiriki. "An African Story" katika mkusanyiko huo huo ina rubani, ina nyoka, ina ng'ombe na maziwa. Mwafrika anayeinua macho kutazama ndege hamna.

Anayemtafuta huyo lazima abadilishe rafu. Kati ya 1953 na 1955 ndege za Harvard na Lincoln za Uingereza zilitupa mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mau Mau General cha Waruhiu Itote (1967), mtu aliyewahi kupigana Burma upande wa Waingereza, na Mau Mau from Within cha Donald Barnett na Karari Njama (1966) ni vitabu vya watu wa msitu ule. Kwa aliye chini ya miti, ndege haina rubani. Ina sauti, na baada ya sauti ina mlipuko. Kusoma Going Solo bila ya kitabu kimojawapo kati ya hivi ni kuipitisha meli mlangoni kwa kutazama upande mmoja.

Kwa Kiswahili, vita vya angani vimeingia zaidi kupitia mlango wa utenzi na ripoti. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 bila ya kuondoka pwani hii, na huo ni mfano wa mwandishi aliyeipigania anga ya Ulaya kwa kusikia habari zake. Vita vya Kagera vilimpata Henry Muhanika aliyevitungia utenzi (1981), na Baldwin Mzirai aliyeandika Kuzama kwa Idi Amin (1980). Kama vita vyenyewe, vitabu hivi ni vya askari wa miguu. Ndege za Amin zilishindwa kulivunja Daraja la Kyaka, likaja kulipuliwa kwa baruti Novemba 1978. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikusudia kuipiga Mwanza, makombora yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakajeruhi mfanyakazi mmoja na kuua wanyama wa hifadhi, kama wanavyosimulia Avirgan na Honey (1982). Msomaji aliyetoka kwenye sura za Dahl za Nairobi hawezi kukosa kuona kejeli: rubani aliyeona wanyama tu amefuatiwa na rubani aliyepiga wanyama tu.

Katika vitabu vyote vilivyotajwa hapa hakuna hata kimoja kilichoandikwa na rubani wa kivita mzaliwa wa Afrika Mashariki. Mada haikukosekana. Tarehe 1 Agosti 1982, waasi wa jeshi la anga la Kenya waliwalazimisha marubani, kwa mtutu wa bunduki, kupaa kutoka Nanyuki ili waipige Nairobi, na marubani wakaenda kuyatupa mabomu msituni Mlima Kenya. Simulizi yao iko magazetini, katika vipande vya maadhimisho ya kila Agosti. Hiyo ni riwaya nzima: rubani anayejua mahali, anayejua nani yuko chini, na anayechagua msitu kwa sababu hiyo. Marubani wa Tanzania waliorusha ndege wakati wa Kagera sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi, na kazi ya kuwarekodi haiwezi kusubiri tasnifu nyingine kama hii ikamilike.

Mdisho katika Kiswahili

Pendekezo la mwisho linahusu tafsiri. Ikiwa sehemu moja tu ya maandishi haya itatafsiriwa kwa ajili ya mihadhara, iwe sura ya Mdisho, na kazi hiyo si nyepesi kama inavyoonekana. Mazungumzo baina ya Dahl na Mdisho, kwa mujibu wa kitabu, yalifanyika kwa Kiswahili. Kiingereza kilichochapishwa ndicho tafsiri. Mfasiri wa Kiswahili atakuwa anayarudisha maneno nyumbani, na atajikuta akiuliza nyumba gani. Mfasiri wa Mji Mkongwe atavutwa kumsemesha Mdisho Kiunguja, lahaja iliyokuwa imefanywa msingi wa usanifishaji hata kabla Kamati ya Lugha haijaundwa mwaka 1930, na ambayo sikio la mfasiri litaiona kuwa ndiyo Kiswahili chenyewe. Litakuwa kosa. Mdisho ni kijana wa bara aliyejifunza lugha hii Dar es Salaam, jikoni na uani, na heshima zake, pamoja na "bwana" anayemwita mwajiri wake, ni za huko. Kiswahili chake kinapaswa kuwa chepesi, chenye haraka, bila ya madoido ya barazani.

Kuna pia jina la sura. Dahl ameandika kwamba Mdisho ni wa "Mwanumwezi". Mtu mmoja ni Mnyamwezi, watu ni Wanyamwezi, nchi yao ni Unyamwezi. Umbo la Dahl halimo katika orodha hiyo. Mhariri makini atashawishika kulisahihisha kimyakimya. Inapendekezwa lisisahihishwe. Liachwe kama lilivyo katika kichwa cha sura, na kila Mdisho anapojitaja mwenyewe aseme "Mnyamwezi", ili mwanafunzi akutane na maumbo yote mawili katika ukurasa mmoja na aone ni umbali gani uliokuwapo baina ya kinywa kilichosema na sikio lililoandika, hata pale ambapo watu hao wawili walikaa chini ya paa moja na hapakuwa na ndege yoyote angani.